Tumbo la Kupandia Sekenke

Mtu akikuambia madereva wa malori hawana dini, mwambie hajawahi kukaa Shelui. Dini wanayo, tena ya kwao wenyewe, na kwa muda mrefu madhabahu yake yalikuwa tumbo la mtoto wa jirani yangu.

Naitwa Loyce. Nauza mafuta ya alizeti na kuku wa kienyeji kando ya barabara kuu, na meza yangu imebanana na hoteli ya Febronia kiasi kwamba moshi wa jiko lake ninaumeza mimi kabla ya wateja wake. Kwa hiyo haya ninayoyasema karibu yote niliyaona kwa macho yangu, na mengi niliyapigia kelele, ila hakuna aliyenisikiliza.

Febronia aliletwa hapa akiwa bibi harusi wa fundi matairi, mwanamume mpole aliyekuwa akiongea na pancha kuliko na watu. Raymond, mtoto wao wa pekee, alikuwa bado anabebwa mgongoni baba yake alipoanza kuumwa. Akakonda. Alikonda mpaka pete ya ndoa ikawa inamtoka kidoleni anaponawa, na watu wa hapa, Mungu aisamehe midomo yao, wakawa wanamtazama mbavu kwa mbali na kumtajia magonjwa. Alipozikwa, Febronia alibaki na mtoto, sufuria kubwa ya harusi, na imani moja: anayekonda anakufa. Ukishalielewa hilo utaelewa na mengine yote, hata yale ya kipumbavu.

Akafungua hoteli. Tunaita hoteli, lakini ni banda la mabati lenye mabenchi na jiko la kuni kwa nyuma. Wali, ugali, kuku, maharage, na mlenda kwa anayeukumbuka kwao.

Sasa, dereva wa lori hasomi bango. Akishuka garini anajinyoosha mgongo, kisha anatazama watoto wa mwenye hoteli. Akiwaona wembamba anasema, kama huyu mama hawashibishi aliowazaa, mimi nitashiba? Anavuka barabara. Desturi hiyo imewafungisha biashara wapishi wazuri sana. Martina wa ng'ambo ya barabara, nasema kweli hata kama Febronia atanuna, anampita Febronia kwa upishi. Lakini Mungu alimpa watoto kama mabua, wanakula mchana kutwa na chakula hakijulikani kinakwenda wapi.

Raymond kinyume chake alikuwa ametuna tangu utotoni, mashavu yamemfunika macho, na mama yake akamweka kwenye kiti cha plastiki mlangoni, pale ambapo mtu hawezi kuingia bila kumwona. Asubuhi kabla ya shule alikuwa pale na chapati. Jioni baada ya shule alikuwa pale na soda. Madereva wakamwita Meneja. Na alikuwa mtoto mwenye adabu, wallahi; kila dereva aliyeshuka alipewa shikamoo yake kamili, hata wale vijana wasiostahili.

Aliyeleta balaa ni Idrissa. Huyu ni dereva wa semi, hubeba marobota ya pamba kutoka kanda ya ziwa kwenda Dar es Salaam, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe na wake wanaomheshimu. Ukitoka hapa Shelui kuelekea Singida mjini unakutana na mlima Sekenke. Wazee wanasema zamani, kabla ya lami, malori yalilala pale chini wiki nzima yakiogopa kupanda. Siku hizi barabara ni nzuri, gari zima linapanda bila kelele, lakini woga wa madereva haukuwekewa lami. Basi siku moja Idrissa amekula, ameshiba, anatoka, akampiga Raymond tumbo kofi dogo la utani, akasema, "Meneja, niombee kwa Sekenke." Akapanda mlima kwa mwendo mmoja, mzigo wote mgongoni, utingo hakushuka hata mara moja kuweka jiwe nyuma ya tairi.

Angenyamaza tungekuwa salama. Hakunyamaza. Safari iliyofuata walishuka madereva wanne wanauliza, "Lile tumbo liko wapi?"

Ndivyo ilivyoanza. Haikupita muda, hakuna lori lililopanda Sekenke kabla dereva wake hajamgusa Raymond. Idrissa aligusa kwa Bismillahi. Walokole waligusa wakiwa wamefumba macho. Wasio na dini waligusa mara mbili. Waliokuwa wakishuka kutoka Singida, ambao mlima walishaumaliza, nao waligusa kwa shukrani. Na ukishamgusa mtoto wa mwenye hoteli huwezi kuondoka hujala, ni utovu wa adabu, kwa hiyo Febronia akaongeza sufuria, akaongeza wasichana wa kuosha vyombo, na Raymond akaongezewa chakula, kwa sababu sasa tumbo lilikuwa na kazi.

Nilimwambia, "Febronia, huyu mtoto ana miaka kumi na nne. Hachezi, hakimbii. Hata mchakamchaka wa shule umemwombea ruhusa asiende."

"Akikimbia atapungua," akanijibu, anachambua mchele.

"Na apungue!"

Akaacha mchele. "Dada Loyce, unaniombea mabaya?"

Nikarudi kwa kuku wangu. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, nilisema hivyo, lakini nilimwambia jogoo.

Basi, ikafika Jumamosi ya kwaya. Lilikuwa basi zima la waimbaji wakitokea Nzega kwenda kushindana Singida mjini, sare za zambarau, na ngoma juu ya paa. Dereva wao akashuka kugusa kama kawaida. Mwalimu wa kwaya akauliza kuna nini, akaelezwa, akafikiri, kisha akasema sauti ya tatu imekuwa ikipotea njia tangu walipoondoka nyumbani, na kama hili tumbo linaweza kupandisha tani thelathini basi haliwezi kushindwa na sauti ya tatu. Wakajipanga mstari. Wakagusa sauti ya kwanza, taratibu, na vidole vyao vya mafuta ya nazi. Wakagusa sauti ya pili. Sauti ya tatu walirudia mara mbili kwa agizo la mwalimu. Raymond akampa kila mmoja shikamoo yake, mpaka sauti ikamkauka.

Kisha ikaja besi. Mnajua mikono ya watu wa besi. Wa mwisho wao alikuwa mlinzi wa ghala la pamba, akaweka kiganja pale tumboni na kuegemea, anaomba. Mguu wa kiti ukapinda. Raymond akaenda chini upande upande, ametanguliza mkono, na mimi nilisikia ko! Kama mtu anayevunja ukuni mkavu gotini.

Kwaya ikadhani ni kiti. Kila mtu alidhani ni kiti. Febronia alitoka jikoni na mwiko, akakiona kiti kimevunjika mguu, akakiinua juu mbele ya umati. "Oneni! Viti vya siku hizi!" Akaitwa mwenyekiti wa kitongoji, akakikagua kiti mbele na nyuma, akauliza kilinunuliwa duka gani, akasema hii ni hujuma dhidi ya mlaji. Watu wakakubaliana naye. Mabishano ya kiti yalichukua muda wa kuiva maharage, na muda wote huo Raymond alikuwa ameketi chini, amekumbatia mkono wake wa kushoto, anasema kwa sauti ya chini, "Jamani, samahani. Jamani, samahani." Nilipomfikia niliona mkono umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

Sauti ya tatu, baadaye tulisikia, iliimba vizuri sana.

Akafungwa hogo la plasta kwenye kituo cha afya, akarudi. Febronia hakuamini kwamba kilichovunjika ni mfupa wenyewe. "Mfupa wenye nyama hauvunjiki," aliniambia. "Nyama ni godoro. Kile kiti ndicho kilimkata." Na dawa aliijua, maana kila mtu hapa anaijua: supu ya makongoro. Miguu ya ng'ombe ikachemshwa asubuhi na jioni, mtoto akainywa kwa chapati, akazidi kutanuka. Kwa mhunzi akaagiza benchi la chuma, akalijengea jukwaa la saruji la kufika gotini ili lisitikisike, na faida juu yake ni kwamba sasa mtoto alionekana tangu kwenye kona. Madereva waligusa tumbo, wakagusa na hogo kama nyongeza.

Hogo likatolewa. Watu wakasema, umeona makongoro? Halafu siku moja tetea wangu akakata kamba, akapita mbele ya jukwaa. Raymond, mtoto wa watu mwenye huruma, akasema, "Mama mdogo, nakukamatia!" Akashuka. Hakuruka, hakuanguka. Alishuka kama mtu mzima anayeshuka kitandani. Mguu ukakanyaga chini, ukapinda kidogo, ko!

Safari hii hakukuwa na kiti. Febronia alitoka na mwiko uleule, akalitazama benchi: zima. Akaitazama saruji: nzima. Akatazama huku na huku akitafuta wa kumlaumu, na macho yake yakatua kwa kuku wangu.

"Huyu kuku," akasema.

"Febronia!"

"Huyu kuku amemtega mwanangu."

Ndiyo sababu nilikwenda naye kituo cha afya. Nilikwenda kumtetea kuku.

Pale kuna daktari wa kike anaitwa Scola, mwenyeji wa Kilimatinde, mkali lakini mkono mwepesi. Alipeleka mguu kwenye eksirei, akaitazama picha, akamtazama Raymond, akaitazama tena ile picha. Akauliza mtoto anakula nini. Febronia akajibu kwa fahari, na orodha ilikuwa ndefu. Akauliza anakimbia wapi. Febronia akanitazama mimi. Akauliza jua la asubuhi analipata wapi. Febronia akasema jua? Ana turubai, nilimnunulia turubai zuri la bluu.

"Maziwa?"

"Soda anapenda zaidi."

Scola akaiweka picha mezani. "Mama Raymond, sikiliza. Mwili mkubwa si mfupa imara. Umri huu wa mwanao ndio mfupa unajengwa, na mfupa unajengwa kwa kutumika. Huyu umemkalisha. Mafuta yamejaa tumboni, mifupa imebaki nyuma, na sasa mifupa hiyohiyo ndiyo unayotaka ibebe mzigo wote."

"Lakini makongoro..."

"Makongoro ni supu. Ni tamu. Mpe maziwa, mpe dagaa na vichwa vyake, mpe mboga za majani. Usimnyime chakula, sikusema umshindishe njaa, mtoto anakua. Punguza soda na vya kukaanga. Mguu ukipona, atembee, kisha akimbie, kidogokidogo. Samaki mkunje angali mbichi."

Nikauliza, "Na kuku wangu je?"

"Kuku hana kosa," akasema daktari. Nililihitaji hilo mbele ya mashahidi.

Febronia hakucheka. Alikaa pale ameshika mkoba wake magotini. "Daktari, mtoto akipungua watu watasema nini?" akauliza. Halafu, kwa sauti nyingine kabisa, "Baba yake alipungua hivihivi. Nilimwona. Akapungua, akapungua, akaisha."

Aliyemjibu ni Raymond, juu ya kitanda, mguu umeinuliwa.

"Mama, baba hakufa kwa kukonda. Alikonda kwa kuumwa." Akavuta pumzi. "Na mimi nawapandisha watu wote Sekenke, mama, kila siku. Mimi mwenyewe sijawahi kupanda."

Kweli, hakuwahi. Mlima anauona kutoka kwenye benchi lake alfajiri na jioni, na safari ndefu kuliko zote aliyowahi kwenda ilikuwa shuleni. Febronia aliinama, akalia kwa sauti, daktari akafunga mlango. Nilimshika bega. Sikumwambia "nilikuambia", na Mungu anajua nilivyotaka.

Mguu ukapona. Febronia akamnunulia mtoto raba, akaenda kwa mwalimu kurudisha ile ruhusa ya mchakamchaka. Asubuhi ya kwanza Raymond alikimbia mpaka kwenye mti ulio mbele ya posta, akarudi akitembea. Wenzake wanaimba nyimbo za mchakamchaka kule mbele, yeye yuko nyuma anaitikia peke yake, kachelewa ubeti mzima. Lakini aliitikia.

Shida ni kwamba saa ya mchakamchaka ndiyo saa ya malori kuondoka. Madereva wametoka kulala garini, wamekunywa chai, wanataka tumbo. Benchi tupu. Asubuhi ile Idrissa alikataa kabisa kuwasha gari. Akasema ana watoto nyumbani, hawezi kucheza na mlima. Nyuma yake foleni ikafika mpaka daraja la mchanga.

Ng'ambo ya barabara Martina akaona riziki. Alimtuma mtu Issuna, akaletwa mtoto wa dada yake anaitwa Peniel, kijana mnene wa rika la Raymond, aliyekuwa akilima vitunguu kwa raha zake. Akavalishwa shati jeupe, akawekwa kwenye kochi mlangoni. Madereva wakamjaribu. Siku ya pili lori moja likakwama Sekenke kwa sababu ya klachi iliyokwisha tangu mwaka jana, na Peniel akalaumiwa. Wakaunda ujumbe kwenda kwa Febronia: mtoto arudishwe kwenye kazi yake, na wao wako tayari kuchanga chapati.

Febronia aliniangalia. Nilijua anafikiri nini. Niliogopa atakubali, maana jioni ile ile nilikuwa nimemwona Raymond akichota maji kisimani na ndoo mkononi, anapiga mluzi, mara ya kwanza kumsikia akipiga mluzi.

"Atakuwepo kesho," Febronia akawaambia.

Kulipopambazuka alikuwepo. Shati la Raymond, kofia ya Raymond imeshushwa, khanga begani, kichwa kimeegemea ukuta. "Msiongee kwa sauti," Febronia akanong'ona, "ana homa kidogo, amelala." Madereva wakaja mmojammoja kwa kunyata, wakagusa, wakaondoka. Niliinuka mezani pangu, nikasogea, nikagusa na mimi. Lilikuwa gunia la pumba za mpunga.

"Febronia, umerukwa na akili."

"Na bado," akanijibu. "Kunywa chai yako."

Nilidhani watagundua siku ileile. Hawakugundua. Watu waliozoea kugusa hawatazami. Lori likapanda, na la pili, na la kumi. Idrissa akasifu kwamba siku hizi tumbo la Meneja limekuwa na ubaridi mzuri. Baada ya majuma machache nikashangaa kuona na Peniel analala sana, kule ng'ambo, kofia usoni, asubuhi mpaka asubuhi. Nikavuka barabara kununua chumvi nisiyoihitaji. Pumba za mahindi. Martina aliniangalia, nikamwangalia, nikalipia chumvi. Pande mbili za barabara ileile magunia mawili yakakaa yakitazamana, na madereva wakabishana kwa nguvu zote lipi kati ya hayo matumbo mawili lina baraka.

Na wenyewe wenye matumbo? Walikutana kwenye mchakamchaka, maana Martina alikuwa amemwandikisha Peniel shule ileile: wa mwisho na wa pili toka mwisho. Wakawa marafiki wa kufa na kuzikana. Mvua zikaja zikaisha. Raymond aliendelea kuwa mtoto mwenye mwili, sisemi aligeuka ubua, lakini tumbo lilirudi nyuma, shingo ikajitokeza, tukagundua kwamba ana macho makubwa kama ya baba yake. Alipita mbele ya hoteli ya mama yake na ndoo, madereva wakamwambia, "Wewe kijana, usipige kelele, Meneja amelala." Akawajibu, "Shikamooni," akaendelea na safari.

Sasa kipande cha mlimani sikukiona, nilisimuliwa na Idrissa mwenyewe. Ilikuwa Jumamosi. Amegusa, tena kote kote kwa usalama, ameondoka. Katikati ya Sekenke injini ikakohoa, ikazima. Upepo umeingia kwenye dizeli, jambo la kawaida, lakini breki za tela zikawa zinalegea na utingo anahangaika kutafuta jiwe. Wakatokea vijana wawili wanapanda kwa miguu, jasho linawatiririka, wanacheka. Mmoja wao akaona hali, akaokota jiwe la ukubwa wa sufuria ya familia, akalikumbatia na mikono yote miwili, akakimbia nalo, akalisukuma nyuma ya tairi. Lori likatulia.

"Shikamoo, baba Idrissa," akasema.

Idrissa aliijua ile sauti. Miaka yote hiyo aliipokea shikamoo ile mlangoni. "Marahaba. Wewe ni nani?"

"Raymond."

"Raymond nimemgusa sasa hivi kule chini!"

"Yule ni pumba, baba. Za mpunga."

Idrissa akamgeukia wa pili, akimwomba kwa macho.

"Wangu ni za mahindi," akasema Peniel. "Shikamoo."

Mzee wa watu akakaa barabarani, kwenye lami, na kanzu yake nyeupe. Kisha akamwachia utingo gari na jiwe, akapanda bodaboda iliyokuwa inapita, akateremka kama moto wa nyika.

Tulimwona akishuka. Hakunisalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye jukwaa mbele ya madereva waliokuwa wanakunywa supu, akavuta khanga, akavuta kofia, gunia likaanguka chini, likapasuka, puu! Pumba zikamwagika. Upande wa pili Martina akaanza kufunga mlango polepole.

Kelele zilizopigwa siwezi kuzieleza. Wengine walishika vichwa. Mmoja alisema anajisikia vibaya, amepanda mlima zaidi ya mara ishirini kwa udanganyifu. Febronia akatoka na mwiko. Nikajisogeza karibu naye, maana mwiko ni mmoja na wao ni wengi.

"Ndiyo," akasema. "Mmekuwa mkigusa pumba. Tangu mvua za kwanza. Na malori yenu yamepanda yote." Sauti ikampanda. "Mtoto wangu alivunjika mkono, akavunjika mguu, amekaa pale kama mzigo wenu mwingine. Sikumzaa awe breki ya mtu. Nilikosea mimi mama yake kumkalisha, na leo nimemwinua. Anayetaka wali, wali upo. Anayetaka tumbo, ana la kwake."

Nilimwonea fahari, nasema wazi, nusura nimkumbatie. Na ndipo dereva mmoja mzee wa Kigogo, anayebeba mchele, akauliza taratibu:

"Kwa hiyo zote zilipanda kwa pumba?"

"Zote."

"Pumba hizi hizi?"

"Hizo hizo."

Wakatazamana. "Mlikobolea mashine gani?" akauliza. Hakusubiri jibu. Alipiga goti, akachota gao moja, kujaa kiganja, akalifunga kwenye kona ya leso yake. Kufumba na kufumbua wote walikuwa chini, wanachota, wanasukumana, wengine wamekwisha vuka barabara kumwamsha Martina na za mahindi. Idrissa alijaza kofia yake.

Katikati ya ghasia hiyo vijana wawili wakafika kwa miguu kutoka mlimani, weusi kwa vumbi. Hakuna aliyewageukia. Raymond alisimama anatazama watu wazima wanagombania pumba mbele ya benchi lake. Kisha akapanda juu ya jukwaa, akapanda na juu ya benchi la chuma lenyewe, akasimama wima pale alipokuwa akikaa. Akautazama mlima.

"Mama!" akaita. "Nimefika juu!"

Febronia akageuka. Akamwona yuko juu kule, akaona magoti yanapinda. "Ray, usi..." akasema, na mtoto alisharuka. Febronia akafumba macho kwa viganja vyote viwili, mwiko ukaanguka. Na mimi nilifumba. Tulisimama pale wanawake wawili wazima, tunasubiri ile sauti tunayoijua.

Tulisikia miguu ikitua, pu, na kuku wangu wakitawanyika.

Nilipofumbua macho, Febronia alikuwa amepiga goti kwenye vumbi katikati ya madereva. Alikuwa ameushika muundi wa mwanawe kwa mkono wake, anaupapasa taratibu toka gotini mpaka kifundoni, kisha akarudia tena mguu wa pili. Raymond akamwambia, "Mama, niko mzima, kweli. Nina njaa." Febronia akainuka, akajifuta uso kwa upande wa khanga, akaenda jikoni kumpashia maziwa.